Nilikwenda Kufua Ngamia wa Shaba, Nikapokewa Hadji

Kwetu Naviundu, mtaa wa Lubumbashi, safari ya Maka ilianza kabla mimi sijazaliwa, na mpaka mwaka huu ilikuwa haijafika. Babu yangu, baba wa mama, alitoka Kasongo kule Maniema akiwa na nia ya kuhiji. Aliaga watu wote, akaomba samahani nyumba kwa nyumba, akatembea mpaka penye reli, akapanda treni. Treni ile ilikuwa inakwenda kusini. Maka iko kaskazini, hilo hata kuku wa kwetu anajua, lakini babu alikuwa ameambiwa kwamba treni zote mwisho wake ni bahari. Akashuka Lubumbashi, akapata kazi ya kuyeyusha shaba, akasema atapumzika kidogo kisha aendelee. Alipumzika mpaka tukamzika.

Toka hapo tunataniwa. Jirani yangu Ngoy, Mkatoliki ambaye wazazi wake walitoka Mitwaba na baba yake alikuwa mtu wa reli, hajawahi kuchoka. Kila tukikaa kwenye benchi lake anasema, "Shiye bantu ya reli tulifanya kazi yetu, tulileta babu yenu mpaka hapa. Mbele ya hapa, fote, makosa, ni ya kwenu." Watu wanacheka, na mimi nacheka. Mama yangu hacheki. Kwake safari ya baba yake haijaisha, imesimama tu. Ana dua moja, na anaisema wazi kila Ijumaa: "Mbele banifunike udongo, muntu moja wa nyumba hii amalize njia ya baba yangu." Ndugu zangu wote wakisikia hivyo wanaanza kutazama viatu vyao.

Mimi jina langu Ramazani, na kazi yangu ni kufua shaba. Nalaza bamba juu ya kitanda cha lami laini, nalipiga kwa nyuma kwa nyundo na tindo, picha inatokea mbele. Nafua tembo, nafua wanawake na vinu vyao, nafua mtumbwi na jua lake, vitu ambavyo wageni hupenda kubeba. Tembo wangu mmoja alinunuliwa na injinia Mtunizia aliyekuwa migodini, akaenda naye kwao. Kaka ya injinia ana hoteli. Alipomwona yule tembo sebuleni kwa mdogo wake, akasema fundi huyu aletwe, aje amfulie ngamia ukutani, mkubwa, pale wageni wanapopokelewa. Nikapigiwa simu. Sikuwa nimemwona ngamia hata siku moja, lakini nilisema ndiyo kabla hajamaliza sentensi. Wewe ungesema nini?

Nilimwambia mama kwamba naitwa kazini Tunizia, katika mji unaoitwa Kairuani. Jina lilimpita. Jioni alikwenda kumuuliza shehe wetu, na shehe, maskini, alisema ukweli: Kairuani ni mji mtakatifu wa Waislamu, wa zamani sana, wenye msikiti uliojengwa na watu wa mwanzo wa dini. Mama hakuhitaji zaidi. Alirudi akichechemea kwa goti lake bovu, lakini kama mtu aliyepewa cheo.

"Mama," nilisema, "haiko Maka."

"Nani alisema Maka?" alijibu, na macho yake yalikuwa yanasema Maka.

Siku ya kuondoka akaniamuru nipite mlango kwa mlango nikiwaomba watu samahani, kama babu alivyofanya. Nikaona, aa, kuomba samahani hakuui mtu. Hapo ndipo nilipojifunga kamba mwenyewe, maana kwetu Mwislamu akipita kuomba samahani akiwa na sanduku mlangoni, ana safari moja tu duniani. Wazee walinishika kichwa. Wengine walilia. Ngoy alisema, "Nimekusamehe byote, isipokuwa ile brouette yangu, ile toroli uliyovunja gurudumu." Nikapanda gari na dua za mtaa mzima mgongoni, na nyundo zangu kwenye sanduku.

Uwanja wa ndege wa Luano, afande wa forodha alifungua sanduku, akatoa nyundo moja baada ya nyingine na kuzipanga mezani.

"Hizi za kazi gani?"

"Za kufua ngamia."

Alinitazama, akatazama pasipoti, akanitazama tena. Halafu akazirudisha polepole na kunitakia safari njema, kama mtu anayeona huruma.

Kutoka Addis Ababa ndege yetu ilikuwa inaelekea Jidda, maana tiketi ya bei nafuu hupita anapotaka muuza tiketi, si unapotaka wewe. Niliingia na koti langu la buluu nikakuta wanaume wote wamevaa shuka mbili nyeupe, bega moja wazi. Walikuwa wanakwenda umra. Rubani akatangaza kwamba tunakaribia mpaka wa kutia nia, na ndege nzima ikaanza kuitikia, "Labbayka Allahumma labbayka." Mzee wa Kihabeshi aliyekaa karibu nami aliangalia koti langu, akauliza kwa ishara, na wewe je? Nikampigia nyundo ya hewani: kazi. Akatikisa kichwa kwa masikitiko makubwa, akanimegea nusu ya mkate wake.

Jidda, wenzangu wote walipita mlango wa kulia. Mimi nilielekezwa mlango wa kushoto, kwa watu wa kubadilisha ndege. Pale pana ukumbi wenye ukuta wa kioo, na nje ya kioo pana barabara, na barabarani palikuwa na basi limeandikwa Maka kwa Kiarabu na kwa herufi zetu. Dereva alikuwa anakunywa chai. Nikamwendea askari.

"Naweza kutoka kidogo?"

"Visa?"

"Sina. Ni kwa muda mfupi tu. Naomba nifike na kurudi."

"Kaa."

Nikakaa. Nasema wazi, niliumia. Nimecheka maisha yangu yote juu ya babu aliyepotea njia, na leo mimi njia nimeiona, imeandikwa jina juu ya kioo cha basi, nami nimeambiwa kaa. Nilitafuta kibla nisali, nikaona mshale wa kijani darini. Mshale ulinielekeza kwenye duka la marashi. Nikasali nikitazama chupa za marashi, na muuzaji akafikiri nachagua ya kununua.

Uwanja wa Tunisi nilipokewa na mwenye hoteli, Bwana Monsefu, mtu mfupi wa mashavu mekundu, anayecheka kabla hujamaliza jambo la kuchekesha. Tulielewana kwa Kifaransa, yeye chake cha kwao na mimi changu cha Katanga. Njia nzima ni mizeituni, imepangwa mistari kama wanafunzi asubuhi, mpaka macho yanachoka. Nikamuuliza lini atanionyesha ngamia ili mkono wangu umjue kabla ya nyundo.

"Kesho," alisema. "Ngamia wetu yuko ghorofani."

Nikajua amechoka, au Kifaransa chake kimechoka.

Kairuani ni mji mkongwe uliozungukwa na ukuta wa matofali ya rangi ya mchanga. Ndani, vichochoro vinapinda bila sababu, milango imepigwa misumari ya maua, na paka wamekaa kila ngazi kama wenye nyumba. Kuna mtaa mzima wa wafua shaba! Masikio yangu yalifurahi kabla ya macho: tang, tang, tang, kama kwetu. Nilisimama kwa mzee mmoja anayefua sinia. Alinitazama mikono, si uso, akasogea kwenye benchi lake. Nikakaa. Tukapokezana nyundo, na nilipoondoka alinipa kipande cha halua ya tende iliyokaangwa, wanaiita makrudi, yenye asali inayoshika vidole mpaka kesho yake.

Asubuhi ya pili Bwana Monsefu alinipeleka Msikiti Mkuu. Kwa nje unafanana na ngome: kuta nene, mnara wa pembe nne usiojipamba. Ukiingia uani, moyo unatulia wenyewe. Ua ni mpana, sakafu yake ni mawe, na inainama kidogo kuelekea katikati ili maji ya mvua yaingie kwenye tangi la chini. Midomo ya visima imekatwa mifereji na kamba za watu waliovuta maji miaka na miaka. Ndani ni msitu wa nguzo, na hakuna nguzo mbili zinazofanana, maana zimeletwa kutoka majengo ya Warumi, moja hapa, nyingine kule.

"Usizihesabu," mlinzi aliniambia. "Wazee walisema anayezihesabu anapofuka."

Sasa, mtu akikwambia usihesabu, kichwa kinafanya nini? Kilianza chenyewe. Nilipofika nane jicho la kushoto likawasha, nikaacha mara moja, nikaomba msamaha kwa nguzo zilizobaki. Kisha nikasali, na humo sikumkumbuka ngamia wala tembo. Nilimwombea mama goti lake, linalomsumbua toka mwanzo wa mvua, nikamwombea babu. Nikasema, ya Rabi, yule mzee alikuwa na nia, mengine yalikuwa ya treni.

Baada ya adhuhuri tulikwenda kwenye kisima cha zamani kinachoitwa Bir Baruta. Ni nyumba ya kawaida katikati ya soko. Tukapanda ngazi nyembamba zinazozunguka, mabega yangu yakigusa ukuta pande mbili, tukatokea katika chumba cha kuba juu. Na humo, wallahi, mlikuwa na ngamia.

Ngamia mzima. Amefungwa kitambaa machoni, amevalishwa shanga na vishada vyekundu, anazunguka gurudumu la mbao linalovuta maji kutoka chini. Chumba kinamtosha yeye na gurudumu, wageni wanabana ukutani. Kila akipita, nundu yake inakwenda karibu na kichwa chako, naye anapumua kwa hasira za mtu aliyeahidiwa kitu kingine. Nilibaki mdomo wazi. Bwana Monsefu alikuwa amekaa chini kwa kucheka.

Nilimgeukia mtunza kisima, mzee wa kofia nyekundu.

"Alipandaje?"

"Kwa ngazi."

"Hizi?"

"Wewe ulipita wapi?"

"Na atashukaje?"

Mzee alimtazama ngamia, akanitazama mimi. "Hajawahi kuuliza," akasema.

Nikachora na kuchora: shingo, mdomo, magoti, yale magoti kama viazi. Mtunza kisima alinijazia kata ya maji, akanieleza habari za kisima. Wanasema zamani kikombe kilipotea katika kisima cha Zamzamu kule Maka, kikaonekana hapa, kwa hiyo maji ni mamoja chini kwa chini. Nilikunywa taratibu. Kumbe si babu yangu peke yake aliyepotelea njia ya Maka. Hata vyombo vimepotea.

"Na wazee wetu wanasema," aliendelea, "anayezuru Kairuani mara saba ni kama amehiji."

"Imamu wenu anasemaje?"

"Imamu anasema wazee walipenda wageni."

Jioni hiyo simu ililia. Alikuwa Ngoy.

"Hadji!" alipiga kelele.

"Hadji nani?"

"Weye! Huku bantu yote banakuita vile. Mama yako alishapita ku manyumba yote. Na ile goti yake? Imepona, mon vieux. Iko anatembea sawa soda, askari ya kweli."

Nikaweka chini makrudi niliyokuwa nakula. "Ngoy, sikiliza muzuri. Mimi sikuenda Maka. Niko Kairuani, naangalia ngamia. Umwambie mama."

"Mi? Hapana. Umwambie weye. Mi niko natafuta fanfare."

"Fanfare ya nini?"

"Ya kukupokea ku Luano! Ba-grupu ya dufu ya ku musikiti biko na ndoa siku ile ile. Nilisema, msiogope, paroisse yetu iko na trompette na ngoma kubwa. Balikubali juu ya mbuzi."

"Mbuzi gani?"

"Mbuzi ya karamu. Mama, njoo, muongee."

Mama akashika simu. Nilisikia pumzi yake, nikasikia anatabasamu, na hilo mtu analisikia.

"Mwanangu, unaniombea?"

"Nakuombea sana, mama. Lakini hapa si..."

"Najua, hapo haiko kwetu. Ukule muzuri." Na akarudisha simu kwa Ngoy, naye akakata ili aende kwa wapiga tarumbeta.

Nililala vibaya. Nilipiga tena kesho yake, na kesho kutwa, kila mara mama hayupo: amekwenda Makomeno kwa dada yake, amekwenda sokoni, amekwenda kwa fulani. Mwanamke ambaye goti likizidi tulikuwa tunamletea maji kitandani, sasa hapatikani nyumbani! Nikimwambia ukweli, goti litarudi. Nisipomwambia, nitakuwa nimevaa jina la ibada ambayo sikuifanya, na hilo si jambo la mchezo. Msafiri kafiri, wanasema wahenga, na mimi nilijiona kafiri kwa maana zote.

Siku zilizofuata nilifua. Bamba lilikuwa kubwa kuliko mlango, na tatizo lilikuwa mkono wangu, ambao kwa miaka umezoea tembo. Kila nikilegea, masikio yanakua. Nikayapiga yakarudi. Pua ikaanza kurefuka, nikaikatiza. Nilipomaliza, Bwana Monsefu alisimama mbele yake, kichwa upande huu, kichwa upande ule.

"Huyu ni ngamia wa nchi gani?" aliuliza.

Tukamwita mtunza kisima aamue. Alikuja na kofia yake, akakaa kitini, akaagiza chai, akamtazama ngamia wangu muda mrefu sana.

"Magoti ni yake," alisema mwishowe. "Nundu ni yake. Lakini uso huu ni wa mtu mwenye mawazo. Wa kwangu hana mawazo."

Alikuwa amesema kweli. Ule uso ulikuwa na wasiwasi wangu wote. Bwana Monsefu akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika ukuta, akasema atundikwe hivyo hivyo, wageni wake wengi hufika na uso kama ule. Akanilipa kwa heshima, akaniongezea kopo la zeituni.

Kurudi ilikuwa Jidda tena, ukumbi ule ule. Safari hii sikumsumbua askari. Nilisimama tu kwenye kioo, nikaweka kiganja. Basi lilikuwepo, nadhani ni lingine, lakini dereva alikuwa anakunywa chai vile vile. Vizee vya nchi mbalimbali vilikuwa vinapanda, vinasukumana, vinachekeana. Nilitazama mpaka likaondoka na kuacha barabara tupu.

Luano niliwasikia kabla ya kuwaona. Nilipotoka mlangoni tarumbeta ilipaa, ngoma kubwa ikafuata, na vijana wa parokia, wamevaa mashati ya kijani ya Pasaka, wakanizunguka. Ngoy alikuwa mbele, anaongoza kwa fimbo. Nyuma yake mtaa mzima: kina mama wa msikiti na kanzu zao, majirani Wakatoliki na vitenge vyao, wazee, watoto. Mtu akanivisha kanzu nyeupe juu ya koti. Mwingine akanitia kilemba.

"Ngoy, sikuenda Maka!"

"Nini?" Tarumbeta.

"Nimesema sikuenda..."

Ngoma kubwa.

Ndani ya gari nilimkaba Ngoy shati. "Umesikia sasa? Uwaambie."

Ngoy alinitazama kwa mara ya kwanza bila utani. "Ramazani, mbuzi alishachinjwa. Na mama yako iko anakungojea ku nyumba. Iko alisimama ku soleil, mu jua kali, toka asubuhi, alikatala kiti. Mi sitasema kintu. Weye mwenyewe njo utasema, ao utanyamaza."

Nyumbani walikuwa wametandika mikeka. Mama alikuwa amevaa kitenge kipya na mtandio mweupe, sasa amekaa mbele, mahali ambapo hajawahi kukaa. Hakunikumbatia. Alinishika mikono yote miwili, akaigeuza viganja juu, akaitazama. Na hapo watu wakaanza kupanga mstari kunishika mikono, maana, walisema, imeshika nyumba ya Mungu na haijapoa. Mama mmoja mzee akabusu kiganja changu akajipaka usoni. Mikono ile! Vitu ilivyoshika mwisho ni lami, kamba ya sanduku, na pua ya ngamia. Nyuma yake alikuwa mwanamume amebeba mke wake mgonjwa mgongoni, amekuja kwa miguu kutoka mbali, anataka nimwekee mkono. Nikaona yatosha. Nikaurudisha mkono.

"Shehe," nilisema kwa sauti kubwa, "bazee, ba-mama, mniwie radhi. Mimi sikuhiji."

Tarumbeta ikatoa sauti moja ndogo, ikaacha.

Nikaeleza yote. Kwamba Kairuani ni mji mtakatifu kweli, na nimesali ndani yake, na nimewaombea, lakini si Maka. Kwamba nilikwenda kufua ngamia wa mwenye hoteli. Kwamba nilisema tangu mwanzo, na hakuna aliyetaka kusikia. Na kwa kuwa nilikuwa nimeshaamua kusema kweli, nikasema yote: ndege iliyopita Jidda, kikombe kilichopotea, nguzo zisizohesabiwa, na ngamia ghorofani.

"Ngamia ku étage?" mzee mmoja aliuliza.

"Ghorofani. Alipanda kwa ngazi."

Watu walilipuka. Ngoy alijipiga mapaja. "Bongo, uongo mutupu! Angesema Kaaba tungeitika amina, lakini ngamia ku étage, hapana, iko anatucheza!" Nikaapa, wakacheka zaidi. Shehe mwenyewe alikuwa amefunika mdomo na ncha ya kanzu. Kisha akamwita yule mume na mkewe, akawaombea dua yeye mwenyewe, na wakapewa mahali pazuri pa kukaa na nyama ya kwanza.

Lakini mimi nilikuwa namtazama mama. Hakuwa anacheka wala kulia. Alikuwa ameshika goti lake kwa mkono. Niliwaza, nimeua kitu.

"Ramazani," akaniita. Kelele zikapungua. "Ulisema ndege ilipita Jidda. Ulifika karibu na Maka kiasi gani?"

Nikapiga magoti mbele yake, nikamweleza polepole. Ukumbi, askari, kioo. Basi lenye jina. Kwamba kama si kioo, ningeweza kumwomba dereva chai yake.

"Ile bus uliiona na macho yako?"

"Niliiona, mama. Mara mbili."

"Ilikuwa na nafasi?"

Nikafikiri. "Ilikuwa nayo. Mbele, ku dirisha."

Mama akafunga kitenge vizuri kiunoni, akaniegemea bega, akasimama.

"Baba yangu aliishia ku gare ya treni," alisema, na watu wote walisikia. "Weye uliishia ku kioo. Mi nitaingia mu bus."

Shehe ndiye aliyesema amina wa kwanza. Halafu mikeka yote ikasema amina, na Wakatoliki nao wakasema amina, na vijana wa fanfare, ambao walikuwa uani na hawakuelewa lolote ila hiyo amina, wakadhani ndio wakati wao. Wakapiga wimbo wa Noeli, kwa kuwa ndio waliojifunza vizuri kuliko zote. Mama aliutembea ule wimbo mpaka kwenye sufuria ya mbuzi, anachechemea, goti linauma kama zamani, akaanza kugawa nyama kwa mkono wake.

Kuona ni kuona, na nimeona mengi: msikiti, kisima, mnyama asiyeuliza atashuka vipi. Lakini kitu nilichojifunza sikukipata ugenini. Miaka yote tulidhani mama anaomba mtu wa kwenda badala yake. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumuuliza kama angependa kwenda yeye. Malipo ya ngamia nilikuwa nimeyatenga kwa ajili ya paa la nyumba. Paa lingoje, si mara ya kwanza kuvuja.

Wiki iliyofuata nilimpeleka mjini kutafuta pasipoti. Alikaa kwenye kiti cha picha na mtandio wake mweupe, mgongo wima, mikono juu ya goti bovu. Bwana wa kamera akamwambia, "Mama, kwa pasipoti habachekake. Ufunge kinywa." Mama akafunga. Bwana akainama kwenye kamera, akainuka. "Mama, tafazali." Akafunga tena. Foleni nyuma yetu ilikuwa inanung'unika, bwana alikuwa anafuta jasho, na mimi nilikuwa nimeshika kopo lake la dawa na mfuko wake. Tulikaa pale mpaka saa ya chakula, kwa sababu mama yangu hakuweza kuacha kucheka.